Kicheko Kilichombakiza Mpwa Wangu Nyumbani

Dada yangu hajawahi kusoma andiko lolote la kupinga chanjo. Aliona klipu ya dakika moja kwenye WhatsApp akiwa ndani ya daladala ya Mbagala, na abiria aliyekaa naye akaichungulia, wakacheka wote wawili. Mchekeshaji yuko jukwaani, anamwiga nesi anayewabembeleza mabinti wa shule wanyooshe mkono, halafu anageuka kuwa mzee wa Kizungu anayehesabu wajukuu zetu ambao hawatazaliwa. Ukumbi unalipuka. Wiki hiyohiyo, Aprili 2024, wauguzi walifika shuleni kwa mpwa wangu kuwachanja wasichana wa miaka 9 hadi 14 dhidi ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Yeye alikuwa na miaka 12. Mama yake alimbakiza nyumbani.

"Kaka, mimi sikuamini kila alichosema," aliniambia. "Lakini ukumbi mzima ulicheka. Kwani wote wale ni wajinga?"

Swali hilo linanisumbua kuliko klipu yenyewe. Dada alikichukua kicheko kama ushahidi, kwamba watu wengi kiasi kile hawawezi kucheka pamoja bure. Na kweli hawakucheka bure. Hofu ya kufungwa uzazi imekuwapo hapa mjini miaka mingi, na kila chanjo mpya ikija inaamka nayo. Mchekeshaji hakuitunga. Aliikuta mtaani, akaipa sauti na mikono, na hiyo ndiyo kazi yake.

Ila mimi nimekaa kwenye mabenchi ya Ocean Road, hospitali ya saratani, nikimsubiri jirani yetu. Hakuna saratani inayowapata wanawake wengi nchini kuliko ya mlango wa kizazi, na wengi wao wanafika pale ugonjwa umeshakomaa, kama alivyofika yeye. Ameacha watoto watatu. Virusi vilivyomletea ugonjwa ule ndivyo ambavyo mpwa wangu alikuwa akingwe navyo siku ile aliyobaki nyumbani.

Sisi ni watu wa utani. Mtani anaweza kumwiga marehemu mbele ya wafiwa na hakuna anayemkasirikia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na haikuchukua muda mtaa ukawa na tafsiri yake ya AIDS: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Baadaye yakaja "amekanyaga miwaya" na "ana ngoma". Maneno hayo yaliwawezesha watu kuutaja ugonjwa ambao familia ziliuficha, hilo silikani. Lakini ile tafsiri ya herufi nne ilifanya na kazi nyingine mbaya: ilimpa mwanamume cha kusema pale alipopaswa kubadilika.

Halafu likaja papai. Mei 2020 Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara zikiwa zimepewa majina ya watu, zikarudi na majibu ya corona. Vijiweni hapakuwa na mada nyingine. Wengi husema leo kwamba jambo lile lilikuwa la kupinga sayansi tangu mwanzo, nami sikubali. Kuitega maabara kwa sampuli ambayo haiijui ni jambo ambalo wanasayansi wenyewe hulifanya ili kukagua vipimo vyao. Swali lilikuwa halali kabisa. Kilichokosekana ni sehemu iliyobaki: sampuli zichukuliwe upya, zipimwe kwingine, na matokeo yawekwe mezani kila mtu ayaone. Badala yake takwimu za maambukizi ziliacha kutangazwa kwa zaidi ya mwaka mzima. Tukawa tunazika watu waliofariki kwa "changamoto ya kupumua" huku utani wa papai ukiendelea msibani.

Hapo ndipo ninapogombana na kicheko: pale kinapoingia katikati ya swali na kulifunga. Na wanaofanya hivyo si wachekeshaji peke yao.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliweka maziwa yake kwenye friza yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale yaliyopoozwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, na kuuliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, na wenzake wakapata la kumtania. Akarudia swali lilelile mbele ya mgeni wao, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha hapa Dar. Wanafunzi wakacheka tena. Osborne aliporudi Dar aliagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo. Waliocheka siku ile ni wale waliojiona wanaijua sayansi.

Ndiyo maana sikushangaa dada aliponieleza kilichotangulia ile klipu. Aliwahi kuuliza kwenye kituo cha afya kama chanjo hiyo inagusa uzazi. Mhudumu akamjibu, "Mama, acha mambo ya mitandaoni," na wenzake wakacheka. Akatoka pale na swali lake mkononi, na mtu wa kwanza aliyelichukua kwa uzito alikuwa mchekeshaji.

Kwa hiyo simwombi mchekeshaji anyamaze. Namwomba alifuate swali hadi liishie. Amtafute nesi mwenye subira, amuulize kile ambacho ukumbi wake unakiogopa, kisha arudi nacho jukwaani. Ana masikio ambayo hakuna bango la kampeni linayapata.

Wiki iliyopita nilikwenda na dada kwa nesi wa zahanati nyingine, asubuhi kabla foleni haijaanza. Dada aliuliza kwa nini chanjo ilipoanza nchi nzima mwaka 2018 ilikuwa dozi mbili, na sasa ni moja. Nesi hakucheka. Alimweleza kwamba wasichana 930 wa Mwanza, wa miaka 9 hadi 14, walifuatiliwa kwenye utafiti, wengine wakipewa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu, na dozi moja ikaonekana inatosha kuamsha kinga.

"Mwanza hii yetu?" dada akauliza.

"Hiyohiyo."

Njiani alinyamaza mpaka tulipofika Rangi Tatu. Kisha akasema, "Kaka, hao wa Mwanza sasa ni wakubwa. Kuna walioshazaa?"

Nimeliandika swali lake. Jumanne tunalipeleka kwa yule nesi, na mpwa wangu tunakwenda naye.