Ufunguo Unaozaliwa Ndani ya Chipu na Bei ya Sakiti Ndogo

Seli ya kumbukumbu ya SRAM (aina inayosahau kila kitu umeme ukizimwa) inapopata umeme huangukia 0 au 1 kwa sababu ya tofauti ndogo za transista zilizobaki tangu kiwandani, na kwa kuwa tofauti hizo hazifanani kati ya chipu na chipu, ruwaza inayotokea yaweza kutumika kuzalisha ufunguo wa siri ambao umeme ukizimwa haupo popote. Bahati mbaya ruwaza hairudi ileile kila mara. Joto, volteji na uchakavu hugeuza baadhi ya biti, na ufunguo uliokosewa biti moja tu haufungui chochote. Kwa hiyo lazima iwepo sakiti ya kurekebisha makosa, na wahandisi hawakubaliani iwe na ukubwa gani.

Wanaotaka sakiti ndogo wana hoja nzito, kwani katika chipu ya bei nafuu kila milimita ya silikoni ni fedha. Msimbo wa marudio, ambao huzipigisha kura seli tano ili kupata biti moja, hutosheka na milango michache ya kimantiki, na kosa la asilimia 15 kwa kila seli hushuka hadi takriban asilimia 2.7. Msimbo wa BCH (aina ya msimbo wa kurekebisha makosa kwa hesabu za aljebra) wa biti 127 hubeba biti 64 na kurekebisha makosa 10, lakini hudai hesabu nzito zaidi.

Hata hivyo, udogo huo una deni. Msimbo huhitaji data saidizi, yaani taarifa inayohifadhiwa ili kusaidia kuurudisha ufunguo uleule, ambayo huwekwa wazi na huonyesha ni seli zipi kati ya tano zinazolingana. Seli zikiwa na mizani kamili, siri haiguswi. Zikielemea 1 kwa asilimia 60, na data ikaonyesha kuwa zote tano zinalingana, mshambuliaji atakayebahatisha 1 atapatia kwa takriban asilimia 88. Milango iliyookolewa italipwa kwa seli za ziada, na biti za seli hizo zote zitapitishwa kwenye heshi (hesabu inayokamua biti nyingi kuwa chache) ili siri iliyosalia ikusanywe.

Kwa maoni yangu, njia bora ni kuunganisha marudio mafupi na BCH inayokokotoa hatua kwa hatua katika sakiti ndogo, pamoja na ukaguzi wa data saidizi, maana anayeweza kuibadilisha na kutazama chipu ikishindwa hujifunza siri kidogo kidogo. Mwendo wa polepole unavumilika pale ufunguo unapozalishwa mara moja tu wakati wa kuwasha. Kwa kitambuzi cha betri kinachoamka kila dakika chache, wanaotaka sakiti kubwa na ya haraka zaidi wanaweza kuwa na haki.