Sikumwita Bosi Ng'ombe

Kwanza tuwekane sawa, maana yule jirani yangu wa meza ameshaisambaza kwa chumvi yake: SIKUMWITA bosi ng'ombe. Nilichosema huenda ni kibaya zaidi, ila si hicho.

Ni kile kikao cha mtandaoni cha juzi, na wale wageni. Mkalimani hakutokea, bosi akanigeukia: "Wewe si unajua Kiingereza? Hebu nitambulishe." Mimi huyo, kifua mbele. (Mnaojua kwamba Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu, nyamazeni.)

Nilitaka kusema bosi wetu ni mpole. Neno likanikimbia. Likaja lingine, nililowahi kulikuta kwenye kamusi likiwa na maana kama tatu hivi; nikasoma ya upole, nikaridhika, nikafunga kitabu. Nikalitamka kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari: "Our director is very tame."

Kimya. Nyuso sita kwenye skrini, hakuna anayepepesa.

Mwenye akili zake angeishia hapo. Mimi nikadhani hawajanisikia. Nikasogelea maiki, nikarudia polepole, neno moja moja, na safari hii nimemwekea bosi mkono begani. Nikaongeza (jamani, niliongeza!) kwamba hata ukimjia ghafla kwa nyuma hana neno. Mama mmoja upande wa pili akauliza, taratibu kabisa, ni nani aliyefanikiwa kumfanya awe hivyo. Nikasema moyoni, swali zuri hilo. Nikajibu kwa furaha: "His wife!"

Mama akazima kamera, lakini mabega nilishayaona yakitikisika. Na bosi, ambaye Kiingereza chake na changu ni mtu na ndugu yake, akatabasamu akawapungia mkono.

Basi. Kikao kikaisha, kuna msamaria akamtafsiria, nikaitwa ndani, nikatoka. Tuyaache.

Usiku nikakaa na kamusi, safari hii yote. Kumbe "tame" husemwa zaidi kwa mnyama aliyezoea watu hadi akaacha kuwaogopa. Ng'ombe, mbuzi na mbwa wana neno lao, "domesticated", kwa sababu ni jamii nzima iliyobadilika kwa kufugwa vizazi na vizazi. Tajiri mmoja wa Uingereza, Walter Rothschild, aliwahi kuwafunga punda milia kwenye gari la kukokotwa akakatiza nao London. Wale walizoeshwa, sawa, lakini punda milia kama jamii hajafugika hadi leo. Kwa hiyo kitaalamu, narudia, KITAALAMU, bosi hakuwa ng'ombe. Alikuwa punda milia.

Na msinicheke sana, Kiswahili nacho kimechangia. Sisi tunafuga kuku, tunafuga nyuki, tunafuga ndevu, tunafuga kucha, kitenzi kile kile hakichoki. Wenzetu kuku wanamtunza, ndevu wanaziacha ziote, na zikiwa kichaka ndipo "tame" inaingia, kuzitia adabu. Ukilitumia kwa sherehe, umesema imepooza. Neno dogo hivyo, mitego yote hiyo!

Jana asubuhi nikampelekea bosi ufafanuzi wangu wote, pamoja na Rothschild, nikijua utampoza. Nilisahau kufunga mlango. Sasa jirani yangu wa meza ana toleo la pili.