Karai la Fundi

Sisi wakazi wa Lang'ata tumejizoeza kuogopa wanyama wakubwa. Tangu simba kadhaa watoroke Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi mnamo Februari 2016, mbwa akibweka usiku wa manane hakuna anayedhani ameona paka. Kwa hiyo Novemba iliyopita, Sajini, mbwa wetu wa ulinzi, alipoanza kubweka kama aliyepagawa kwenye kona ya ua wa kayaba, nilitoka na rungu mkononi, huku soja wetu wa usiku akinifuata kwa umbali ambao yeye aliuona kuwa wa heshima. Tulichokikuta ni tufe la miiba linaloweza kuenea katika bakuli la uji, likifoka kama stovu inayoishiwa na mafuta ya taa, na mbele yake Sajini akijilamba damu puani.

Nilitangaza, kwa sauti ya mwenye nyumba, kwamba huyo ni mtoto wa nungunungu. Binti yangu wa mwisho, aliye Gredi ya 5, alikuwa amechungulia dirishani, naye akanisahihisha soja akisikia.

"Baba, huyo ni kalunguyeye. Angekuwa nungunungu, miiba ingebaki kwenye pua ya Sajini."

Chanzo cha ugeni huo kilikuwa taa ya baraza letu. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, kumbikumbi wakawa wanaizunguka taa na kudondosha mbawa zao kila mahali, na kalunguyeye, ambaye chakula chake ni mende, minyoo, konokono na wadudu wa namna hiyo, alikuja kama aliyealikwa arusini. Binti yangu naye, bila kuniarifu, alikuwa ameongeza karamu kwa kisahani cha maziwa na mkate.

Daktari wa mifugo aliyesafisha pua ya Sajini alicheka sana, kisha akatupa masharti. Maziwa yaondolewe, kwa maana humharisha kalunguyeye, na badala yake tuweke maji katika kisahani kifupi. Tusimfungie ndani tukamfanya wa kufugwa, kwa kuwa ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kujifugia mnyamapori bila kibali. Kuhusu mbwa, alisema kwamba kabla ya kumfungulia jioni nizunguke uani na tochi, na kwamba saa za mwanzo za usiku nimtembeze kwa kamba. Ushauri huo ulikuwa rahisi, tena haukugharimu kitu, kwa hiyo sikuuamini.

Mimi niliona tatizo kwa upana zaidi. Kalunguyeye hutoka giza linapoingia, na Sajini hulishwa mwaka mzima ili awe macho saa hizo hizo. Wafanyakazi wawili wa zamu moja wasiopatana hutenganishwa kwa ukuta. Nikamwita fundi, tukanunua waya wa kuku na nguzo, na Jumamosi nzima tukaugawa ua mara mbili: upande wa lango na kibanda cha mbwa ukawa wa Sajini, na upande wa kayaba ukawa wa wageni. Nasema "tukaugawa", ingawa kazi yangu kubwa ilikuwa kuketi juu ya karai la fundi, lililopinduliwa kifudifudi, na kutoa maoni. Mara moja tu nilisaidia kubeba bunda la waya, nikapata maumivu ya mgongo yaliyonilazimu kujipaka dawa ya kuchua yenye harufu ya kuliza macho. Fundi aliuchimbia waya ardhini ili asipite hata panya, akaliacha karai lake uani na kwenda zake.

Saa sita usiku Sajini alibweka. Nilipofika na tochi, nilimwona kalunguyeye akijikongoja kutoka chini ya mbao za kibanda cha Sajini mwenyewe, mahali ambapo, kumbe, alikuwa akilala mchana kutwa tulipokuwa tukigongagonga nguzo. Nilikuwa nimetumia shilingi elfu tisa kumfungia mbwa na kalunguyeye kizimba kimoja.

Nilimwamuru soja amshike Sajini. Kisha nililigeuza karai likatazama juu, nikamfunika kalunguyeye kwa taulo, na kwa upole ambao mke wangu anasema hajawahi kuonyeshwa yeye, nikamtia karaini. Kilichobaki kilikuwa kumvusha upande wa pili. Papo hapo stima ikapotea. Sajini alimponyoka soja, nikamkimbiza gizani hadi nikampata na kumfunga kwenye nguzo, nikarudi nikihema, mgongo ukiniwaka. Mwili una mazoea yake: baada ya siku nzima ya kuketi juu ya karai lile, miguu ilinipeleka moja kwa moja hadi lilipo, nami nikaketi.

Ukingo wa karai, namshukuru Mungu, ulibeba sehemu kubwa ya uzito wangu, ndiyo sababu kalunguyeye hakudhurika. Lakini mimi si mtu mwembamba, na sehemu iliyobaki ilishuka ndani kiasi cha kutosha.

Ukelele nilioupiga ulimfanya soja abonyeze kengele ya hatari. Katika dakika chache gari la kampuni ya ulinzi lilikuwa langoni, wakashuka vijana wanne wenye kofia ngumu na marungu, wakanikuta nimesimama kwa pajama, mikono nyuma.

"Umeshambuliwa na nani, mkubwa?"

"Kalunguyeye."

"Kalu nani? Mnamjua anakoishi?"

Kiongozi wao alifungua daftari akaandika "nungunungu", nami, katika hali ile, nikasimamia usahihi wa lugha hadi akafuta. Ndipo mmoja wao alipomulika ndani ya karai akaruka nyuma kwa mayowe. Kalunguyeye alikuwa amejikunjua, na midomo ilikuwa imejaa povu jeupe. "Ana kichaa cha mbwa!" Vijana wanne na soja wangu walirudi hadi langoni, na mimi, niliyekuwa nimechomwa, nikaachwa peke yangu kama mwenye ukoma.

Aliyetuokoa ni binti yangu, aliyetoka na blanketi mabegani. Alieleza kwamba kalunguyeye akinusa harufu kali asiyoijua hutafuna mpaka atoe povu, kisha hujipaka miibani kwa ulimi. Kweli, mbele ya macho yetu mnyama akapinda shingo, akaanza kujipaka kwa bidii. Harufu ngeni ilikuwa dawa yangu ya mgongo.

Kliniki, asubuhi iliyofuata, nesi alisikiliza habari yote akitazama dari, akaandika kwamba nidungwe ya pepopunda, halafu akaniuliza napendelea upande gani. Nilimwonyesha mkono.

Waya uliondolewa Jumatatu. Siku hizi natoka na tochi saa moja jioni, nazunguka ua, nachungulia chini ya kibanda, kisha namtembeza Sajini kwa kamba, jambo ambalo yeye halihitaji tena, kwa kuwa tangu pua ile ichomwe, akiona tufe la miiba hulala mbali na kugeuza uso. Mke wangu amezima taa ya baraza.

Jumamosi fundi alirudi kuchukua karai lake. Soja alikuwa ameshamsimulia. Alilipindua, akalikagua ndani na nje, akaligonga mara mbili kwa nyundo, kisha akaenda kuketi juu ya ndoo.