Pointi mbili za Kigali

Kila Sudan Kusini wakicheza kikapu, rafiki zangu husema ni muujiza. Mimi hukataa. Hawa watu nawakumbuka wakifungwa Nairobi.

Ilikuwa Januari 2020, raundi ya awali ya kuwania AfroBasket, mashindano ya kikapu ya mataifa ya Afrika. Kenya tukawapiga tukasonga mbele, wao njia ikafungwa. Baadaye Algeria ikajitoa, nafasi ikawaangukia. Hiyo ndiyo bahati pekee ninayowakubalia.

Na sisi tulikuwa na mwaka wetu. Februari 2021, kule Yaoundé, Kamerun, mchezaji wetu Tylor Ongwae alirusha mpira wa mwisho na Angola, wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11, wakalala 74-73. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. AfroBasket hatukuwa tumeiona tangu 1993, tulipokuwa wenyeji tukamaliza wa nne! Tukaenda Kigali na kocha Liz Mills, mwanamke wa kwanza kuifikisha timu ya wanaume huko, tukaifunga Mali. Kisha, tukiwania robo fainali, nani tena mbele yetu? Sudan Kusini. Wakatufunga 60-58.

Tangu hapo wao wamepanda ngazi, sisi tunasimulia Yaoundé. Mwaka 2023 walicheza Kombe la Dunia, wakaikung'uta China, wakawafunga Wafilipino kwao, wakaipata tiketi ya Olimpiki. Julai 2024 jijini London, Marekani waliponea chupuchupu, 101-100, tena kwa mkono wa LeBron James. Olimpiki ilipoanza wakapigiwa wimbo wa taifa wa Sudan badala ya wao. Wakavumilia, ukapigwa ulio sahihi, wakaichapa Puerto Rico 90-79.

Najua jibu la kijiweni: "Wale wamekulia Marekani na Australia." Wengi, ndiyo. Lakini waliotawanyika hivyo hawajikusanyi wenyewe. Luol Deng, nyota wa zamani wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, alipochukua urais wa shirikisho lao alitoa fedha zake mfukoni, na Juba haikuwa hata na ukumbi wa ndani wa kikapu. Sisi kumbi tunazo.

Halafu kuna mchezaji wao Nuni Omot, aliyewatia Marekani pointi 24 kwenye Olimpiki. Wakimbizi ndio waliomzaa, na alizaliwa hapa hapa Kenya. Zile pointi mbili za Kigali nilishazisamehe; hili bado.