Mpima Kelele Alivyokamatwa Alfajiri

Mimi na mke wangu tulikuwa tumebakiwa na nyumba mbili za kuchagua, moja katika kitongoji cha mashariki ya jiji na nyingine katika kitongoji cha magharibi, na kwa kuwa kila mmoja wetu aliipenda nyumba siku ile ile mwenzake alipoacha kuipenda, niliona kwamba jambo hili halingemalizwa kwa mapenzi bali kwa jedwali.

Jedwali langu lilikuwa na safu za kodi, maji, mafuriko, usalama, kelele na safari ya kazini, na kila safu ilipewa uzito wake. Safari ndiyo iliyobeba uzito mkubwa kuliko zote, kwa sababu nilikuwa nimesoma hoja ya mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, aliyeandika mwaka 1994 kwamba binadamu, awe anatembea kwa miguu au anapanda treni, huelekea kutumia takriban saa moja kwa siku kwenda na kurudi, na kwamba chombo kikiongezewa kasi yeye huhamia mbali zaidi badala ya kufika mapema. Mke wangu alisema Marchetti hajawahi kusubiri basi pamoja nami. Nikamwongezea wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey, ambao walichambua takwimu za Ujerumani wakaona kwamba kadiri safari ya kazini inavyorefuka ndivyo watu wanavyopungua kuridhika na maisha yao. Shida ni kwamba vitongoji vyetu viwili vilikuwa mbali sawasawa na katikati ya jiji, hivyo wataalamu wote watatu waliniacha njia panda.

Ikabaki kelele. Wenye nyumba hupenda kumwonyesha mpangaji nyumba saa nne asubuhi, wakati watoto wako shuleni, magari yamekwisha kupita na hata mbwa wamechoka kubweka. Ndiyo maana nashikilia mpaka leo kwamba nyumba inafaa ikaguliwe katika saa ambazo mtu ataishi ndani yake, yaani alfajiri, jioni, na hasa mvua inaponyesha. Kwa msimamo huo nilijikuta gizani nje ya ua wa nyumba ya mashariki, simu nimeielekeza dirishani ikiwa na programu ya kupima desibeli, karatasi ya jedwali mkononi, nikipumua taratibu ili nisiharibu vipimo.

Tochi tatu zikaniwakia usoni kwa mpigo.

"Unafanya nini hapa?" aliuliza mzee aliyewaongoza walinzi wa mtaa.

"Shikamoo, mzee. Ninapima ukimya."

Nakiri kwamba majibu mengine yangefaa zaidi. Mzee alinipokonya karatasi, akavaa miwani, akaanza kuwasomea wenzake kwa sauti: "Mlango wa nyuma, dhaifu. Mbwa, hakuna. Ukuta, mfupi upande wa kulia. Majirani, wamelala fofofo." Akanitazama kwa heshima fulani. "Kijana, nimekamata wezi wengi, lakini msomi ndiyo mara ya kwanza."

Nilijitetea kwamba safu ile ilikuwa ya usalama wa familia yangu, nikaomba wampigie mke wangu simu. Walimpigia, wakaiweka simu kwenye kipaza sauti, na kufikia hapo nusu ya mtaa ilikuwa imekwisha kutoka na kukusanyika, akiwamo mwenye nyumba mwenyewe aliyekuwa amejifunga shuka.

"Samahani kwa kukuamsha, mama," alisema mzee. "Tumemshika bwana mmoja anayedai kuwa ni mume wako."

"Anapima kitu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ni wangu. Lakini kabla hamjamwachia, naomba kuuliza: maji huko hutoka siku ngapi kwa wiki?"

Pale pale kesi yangu ikasahaulika. Mmoja alisema maji hutoka daima, wa pili akasema hutoka usiku tu, wa tatu akasema hutoka kwa wa pili. Mama mmoja alimshauri mke wangu achague magharibi. Kijana mwenye gari akampinga vikali, akieleza kwamba mkazi wa magharibi huenda mjini asubuhi jua likiwa usoni na kurudi jioni jua hilo hilo likiwa usoni, ilhali wa mashariki jua humpa kisogo kwenda na kurudi. Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa, nikaomba nirudishiwe karatasi niliandike. Walikataa.

Wakati huo upepo ulikuwa umegeuka. Siku tulipoonyeshwa nyumba ndege zilikuwa zikitua kutoka upande wa pili wa uwanja, kwa kuwa ndege hutua zikiukabili upepo. Sasa zamu ilikuwa ya kwetu. Ndege inayoshuka kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi tatu, ikiwa kilomita tano kutoka barabara ya kutulia, huwa juu kwa mita 260 hivi, na nadhani hii niliisoma namba zake za ubavuni. Mzee, aliyekuwa katikati ya neno "mafuriko", aliishia kwenye "mafu", na mtaa mzima ukanyamaza pamoja naye bila hata mmoja kuinua kichwa. Ndege ilipopita, mzee akamalizia: "riko."

"Hiyo ni nini?" aliuliza mke wangu kwenye simu.

"Ngurumo tu, mama," alijibu mwenye nyumba, nyota zikimeta juu ya kichwa chake.

Nilitaka kumweleza mke wangu kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kiwango cha wastani kisichozidi desibeli 53 kwa kelele za barabarani lakini 45 tu kwa za ndege, kwa kuwa ndege huudhi zaidi, lakini mlinzi aliyenishika mkono hakuonekana kuwa msikilizaji wa mambo hayo. Waliniachia kulipopambazuka. Mzee aliomba abaki na jedwali kwa muda, kwani binti yake naye alikuwa akitafuta nyumba, na mtu aliyetoka kukamatwa hana sauti ya kukataa.

Juma lile lile tulipokwenda kulipia nyumba ya magharibi, tuliambiwa imekwisha kuchukuliwa na binti mmoja aliyefika na baba yake, mzee mwenye miwani, wakiwa na karatasi yenye maswali mazuri ajabu.

Kwa hiyo tunaishi mashariki. Tumeshazoea kukatiza neno na kulimalizia bila kupoteza maana, isipokuwa mama mkwe, ambaye kila anapopiga simu hudhani mtandao umekatika, akakata, kisha akapiga tena wakati ndege ya pili inapowasili.