Daktari aliponiuliza kama nina bunduki

Mara ya kwanza kuulizwa na daktari wa mwanangu hapa Marekani kama nina bunduki nyumbani, nilichukia. Tulikwenda kwa chanjo tu. Aliyeuliza alikuwa daktari anayejifunza, binti mdogo, macho kwenye karatasi. Mkufunzi wake akamwambia kwa upole: uliza tena, safari hii watazame wazazi. Akauliza. Kama ipo, imefungiwa? Imetolewa risasi? Risasi zinakaa mbali nayo? Na nyumba anazokwenda kucheza mtoto, je?

Hilo la mwisho lilinishinda. Mimi ni mtu wa Kibosho, kule Moshi, Tanzania. Utapigaje hodi kwa mtu, ukaribishwe vizuri, halafu umuulize ana nini kabatini? Lakini mwaka 2020 risasi zilizipita ajali za magari kwa kuua watoto na vijana wa nchi hii, na zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki huku ni watu waliojiua. Florida waliwahi kutunga sheria mwaka 2011 ya kuwabana madaktari wasiulize. Mahakama ya rufaa ikalitengua katazo hilo mwaka 2017. Nafurahi ililitengua. Siku hizi majirani nawauliza mwenyewe, na hakuna aliyenifukuza bado.

Nyumbani Moshi bunduki si nyingi, na mwenye nayo kihalali polisi wanamjua. Ila uvunguni kwa bibi yangu palikuwa na chupa ya soda yenye dawa ya wadudu ya kupigia kahawa, imezibwa kwa gunzi. Binamu yangu, miaka minne, alitoka kihambani, shamba la nyumbani, na kiu.

Alipona. Hospitali walimhangaikia usiku kucha na ninawashukuru mpaka leo. Lakini siku ya kumruhusu hakuna aliyemuuliza bibi ile dawa sasa inakaa wapi. Likizo iliyofuata nilikuta chupa nyingine, gunzi jingine, uvungu uleule. Nilipompigilia sanduku lenye kufuli juu ya dari, bibi alisema, "Baba, mbona daktari hakuniambia?"

Ndiyo maana natamani wanafunzi wa udaktari pale KCMC, hospitali kubwa ya Moshi, na wauguzi pia, wafundishwe kuuliza kama yule binti alivyofundishwa: dawa ya kahawa, sumu ya panya, mafuta ya taa, na bastola kwa yule mfanyabiashara wa Arusha anayelala nayo chini ya mto. Hasa wamuulize mgonjwa aliyekata tamaa, au ndugu aliyemleta. Wazo la kujiua mara nyingi huja kwa nguvu kisha likapita, na kufuli humpa mtu muda wa kupitwa nalo.

Wapo watakaosema wazee wetu wataona wanapelelezwa. Sidhani. Kwetu mazungumzo ya daktari yanaweza kuanzia shambani, wala hayatakuwa mageni: shikamoo bibi, mvua zimewafikia huko juu? Kahawa mmeshaipiga dawa? Na iliyobaki umeiweka wapi?