Mchezaji wa Michezo Mitatu Ajue Kukataa Zoezi

Hapa Kusini, mwanafunzi anayecheza soka na wavu, kisha akakimbia mita 400, husifiwa kwamba ana moyo. Moyo anao kweli. Kinachomwangusha UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ikikaribia ni walimu watatu wa michezo, kila mmoja akimpa mazoezi kana kwamba wenzake hawapo, na yeye anaona haya kusema amechoka. Kwangu mimi, nidhamu yake kubwa ni kukataa zoezi akiwa na sababu iliyoandikwa.

Basi awe na daftari. Nusu saa baada ya mazoezi aandike dakika alizofanya, ajipe alama 1 hadi 10 kwa ugumu, azidishe. Soka dakika 80 kwa ugumu wa 7 ni 560; wavu dakika 50 kwa 4 ni 200. Ajumlishe ya wiki. Wiki iliyopita ikiwa 1,800 na hii inaelekea 3,000, apunguze hata kama anajisikia mwepesi, maana pumzi hupanda haraka lakini kano huchelewa kukomaa. Anayerefuka kwa kasi aangaliwe zaidi: kinundu kinachouma chini ya pia ya goti, hasa baada ya kuruka sana kwenye uwanja mgumu, si uvivu. Miruko isimamishwe kwanza, na maumivu yakiendelea aende zahanati.

Mzuka ukikosekana, avae viatu apashe misuli dakika 10. Wengi huendelea wenyewe. Lakini kama mapigo ya moyo asubuhi, kabla hajatoka kitandani, yamezidi ya kawaida yake kwa 10 hivi na miguu bado mizito, arudi nyumbani bila kujilaumu.

Joto la Machi pale Lindi nalo lina hesabu yake. Hewa ina unyevu, jasho halikauki, mwili haupoi. Ajipime kabla na baada: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji, arudishe lita moja na nusu kidogo kidogo, pamoja na chakula chenye chumvi.

Usingizi ni saa 8 hadi 10. Kitabu kiishe saa 3:00 usiku, simu ibaki kwa mama, alale 3:30, aamke 11:30.

Wa kidato cha nne, UMISSETA ikiisha, abaki na mchezo mmoja, mara mbili kwa wiki, hadi mtihani wa Novemba. Mwalimu anayemvuta kwenye bonanza la Oktoba hamtendei haki.